Ndege shambani Moshi: nikate miti ya kihamba na matete ya mtoni, au niache?

Kibosho_Chini aliuliza:

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri wa wanaoijua mada.

Kuna mashamba matatu, kila moja na hoja yake.

La kwanza ni kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga lenye mazao mchanganyiko, la ekari moja Kibosho, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,300. Kuna kahawa, migomba, mgrevilea, mringaringa miwili, mruka mmoja mkubwa na msesewe mpakani. Majirani wanashauri miti ipunguzwe ibaki michache sana, kwa hoja kwamba inafuga ndege na kahawa inakosa jua.

La pili ni ekari moja ya mpunga Mabogini, mbegu ni SARO 5. Mita kama 40 kutoka majaruba (vipande vya mpunga vilivyozungushiwa matuta) kuna matete marefu ukingoni mwa mto. Kwelea, wale ndege wadogo wa makundi wanaokula nafaka, wanashuka punje zikiwa za maziwa. Kuna wazo la kuchoma matete yote.

La tatu ni nusu ekari ya mahindi tambarare. Panya wanafukua mbegu wiki ya kwanza, na mahindi yakikomaa wanarudi. Usiku bundi wanasikika, na wapo wanaotaka wafukuzwe.

Swali langu ni moja: ndege na hivi vichaka wanampa mkulima faida au hasara? Na kama ni vyote viwili, mtu anatenganishaje? Naomba vipimo na hatua za kufuata.

---

Buni_na_Kivuli alijibu:

Nianze na kihamba, maana hapo jibu lina ushahidi uliopimwa mlimani hapo hapo.

Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliofanyika kwenye kahawa ya Kilimanjaro, katika vihamba, katika mashamba yenye kivuli na katika mashamba makubwa yaliyo wazi. Watafiti walifunika baadhi ya miti kwa wavu ndege na popo wasiifikie, mingine wakazuia nyuki, kisha wakahesabu matunda na kuyapima. Pale ndege na popo walipoachwa wafanye kazi yao, matunda yaliyoshika yaliongezeka kwa karibu asilimia 9. Pale nyuki walipofika, uzito wa tunda uliongezeka kwa karibu asilimia 7. Kazi hizo mbili hazigongani: mmoja anaongeza idadi, mwingine anaongeza uzito.

Asilimia 9 si utajiri wa ghafla, lakini haikugharimu dawa, bomba wala kibarua. Ukikata makazi ya ndege, unaanza kuinunua kazi hiyo dukani.

Nani hasa anafanya kazi? Kinengenenge, yule mdogo wa njano mwenye duara jeupe jichoni, anapekua majani siku nzima akitafuta vidukari na viwavi. Shore anakula matunda na wadudu pia. Mramba na kerem wanakamata wadudu wanaoruka. Chozi anafuata asali ya maua ya mgrevilea na migomba, na makinda yake anayalisha wadudu na buibui. Hata mnana, yule anayechana majani ya mgomba kujenga kiota, anayalisha makinda yake wadudu. Jani la mgomba lililochanika bado linafanya kazi, kwa hiyo usimhukumu kwa hilo.

Kuhusu ruhuka, kile kidudu cheusi kidogo kinachotoboa buni: utafiti wa Costa Rica uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta ndege wanapunguza mashambulizi yake kwa takriban nusu, na mashamba yaliyokuwa karibu na vipande vya msitu ndiyo yaliyonufaika zaidi. Hapo unaona nafasi ya makazi. Ndege anayekula ruhuka hana kawaida ya kulala kwenye mti wa kahawa. Anahitaji mti mrefu, kichaka cha kujificha na mahali pa kujenga, vyote visiwe mbali.

Majirani wako hata hivyo wana nusu ya hoja. Kivuli kikizidi, kahawa inatoa maua machache, unyevu unakaa kwenye majani, na kutu ya majani inapata nafasi. Ruhuka naye anapenda kivuli kizito. Upande wa pili, bungua mweupe, mdudu anayetoboa shina, anapenda mti uliopigwa na jua, kwa hiyo ukikata yote umehama tatizo moja ukaingia lingine. Lenga kivuli cha asilimia 30 hadi 40. Simama chini ya miti saa sita mchana: kama zaidi ya nusu ya ardhi iko kivulini, punguza.

Namna ya kupunguza:

Usiangushe mti, kata matawi. Mgrevilea unavumilia kukatwa matawi ya chini hadi theluthi mbili ya urefu wake, na kuni unapata. Fanya hivyo baada ya mavuno, kabla ya mvua, ili tawi linaloanguka lisivunje kahawa yenye maua. Miti mikubwa ikae umbali wa mita 10 hadi 12 kila upande. Kwa ekari hiyo ni miti 28 hadi 40. Kama una mgrevilea 70 umesongamanisha, toa iliyo dhaifu na iliyopinda. Usiguse mringaringa, mruka wala msesewe, kwa sababu mti mkubwa wa asili una mashimo, magome na maua ambayo mgrevilea mchanga hauna. Mruka pia ni jamii ya mikunde, majani yake yakianguka yanarutubisha udongo.

Kisha pogoa kahawa yenyewe. Kimatira, mdudu anayefyonza buni, anapenda mti uliojaa matawi katikati. Ndege hawezi kupekua mti uliofungamana hivyo, na hata dawa ukipuliza haifiki ndani. Acha mashina mawili au matatu, toa machipukizi yote ya maji.

Jambo moja linaloharibu kazi yote hii ni kupuliza dawa kwa kalenda. Kagua kwanza: tikisa miti 10 hadi 20 juu ya kitambaa cheupe asubuhi na mapema, hesabu kimatira. Ukikuta wastani chini ya mmoja kwa mti, acha. Ukifika mmoja hadi wawili, hapo chukua hatua. Na usipulize kabisa wakati wa maua, ambayo kwa kahawa hukaa siku mbili tatu tu. Ukipuliza siku hizo umeua nyuki waliokuja kukuongezea uzito.

---

Majaruba_Chekereni alijibu:

Mkuu hapo juu amesema vizuri kuhusu kahawa. Mpunga ni habari nyingine, na tusidanganyane: kwelea ni adui wa kweli.

Kwelea mmoja hula karibu gramu 10 za punje kwa siku. Kundi la ndege 1,000 likikaa shambani siku 20 limekula kilo 200, hayo ni magunia mawili ya kilo mia. Hujahesabu wanayodondosha na masuke wanayovunja. Na hilo ni kundi dogo. Makundi makubwa yanahesabiwa kwa malaki na mamilioni.

Lakini elewa anavyoishi ndipo utajua pa kumbana. Chakula chake cha kwanza ni mbegu za nyasi pori. Mvua za mwanzo zikinyesha, mbegu zilizoanguka chini zinaota zote na chakula chake kinakwisha. Hapo anahama. Anaporudi nyasi zikiwa hazijazaa, au kiangazi zimekwisha, mpunga uliomwagiliwa ndio kijani pekee anachokiona. Kwa hiyo shamba linaloshambuliwa zaidi ni lile lililo peke yake kwenye hatua ya maziwa wakati mengine yote bado au yamevunwa.

Kutokana na hilo, kinga ya kwanza ni kalenda ya skimu ya umwagiliaji. Panda pamoja na wenzako wa mfereji mmoja, tofauti isizidi wiki mbili. Kundi likishuka kwenye ekari 200 zilizo hatua moja, hasara inagawanyika. Likishuka kwenye ekari moja iliyochelewa, hutavuna.

Kinga ya pili ni palizi. Magugu ya jamii ya nyasi ndani ya jaruba huzaa mbegu kabla ya mpunga. Kwelea anakuja kuyala hayo kwanza, anazoea mahali, na mpunga ukifika hatua ya maziwa yuko tayari hapo. Jaruba safi hadi mpunga unapochanua linapunguza wageni wa mapema.

Kinga ya tatu ni kuamia, yaani kulinda shamba dhidi ya ndege, kwa ratiba, maana kuamia siku zote ni kuchosha watu bure. SARO 5 kutoka kuchanua hadi kuvuna ni karibu siku 30. Siku saba za kwanza punje hazina kitu, kwelea hana haja nazo. Hatari inaanza punje zikiwa na maziwa, siku ya 7 hadi ya 10, na inaendelea hadi punje zigande. Basi weka watu kuanzia siku ya 7 hadi unapovuna. Saa za hatari ni alfajiri hadi saa nne asubuhi, na saa kumi jioni hadi jua linapozama. Saa za mchana kwelea hupumzika kwenye kivuli karibu na maji, mwamiaji naye apumzike.

Jenga dungu (jukwaa la mwamiaji) moja katikati ya ekari, urefu wa mita mbili na nusu hadi tatu, ili mwamiaji aone pembe zote. Kamba zitoke kwenye dungu hadi pembe nne, zifungwe makopo yenye kokoto. Kombeo hutumika kundi likiwa bado hewani. Likishatua na kuanza kula ni vigumu kulinyanyua. Utepe unaong'aa ukitandazwa juu ya masuke, mistari ikipishana mita tatu hadi tano, unasaidia siku chache za mwanzo, kisha ndege wanauzoea. Sanamu ya mtu ni hivyo hivyo, labda uihamishe kila siku na uibadilishe nguo. Na kazi hii ifanywe na watu wazima wanaolipwa. Mtoto akiwekwa dunguni alfajiri hadi saa nne, darasa limempita.

Kinga ya nne, na wengi wanaipuuza: vuna kwa wakati. Masuke yakiwa na punje za rangi ya majani makavu asilimia 80 hadi 85, vuna. Kila siku unayoongeza ukisubiri yakauke shambani unawalisha ndege, na punje zinapukutika zenyewe.

Sasa matete. Usichome. Kwanza ni kosa: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kudhuru hifadhi ya ukingo huo. Wewe uko mita 40, kwa hiyo hata jaruba lako la mwisho linahitaji mazungumzo na ofisi ya kijiji na chama cha watumia maji. Pili, matete yanashika ukingo. Ukiyaondoa, masika ijayo mto unakula jaruba lako. Tatu, haitasaidia, kwa sababu kwelea huruka makumi ya kilomita kwa siku kutoka malalo yake, yaani mahali anapolala, kwenda kula. Ukimnyima matete yako, atalala kwenye matete ya mwingine au ndani ya miwa au magugu ya bwawa la Nyumba ya Mungu na asubuhi atakuwa kwako.

---

Kibosho_Chini:

Nashukuru sana wakuu. Maswali mawili. Nitajuaje kama wanalala kwenye matete hayo au wanapita tu? Na kama wanalala, dawa inaombwaje? Kuna watu wanasema wanaweza kuipata na kupuliza wenyewe.

---

Majaruba_Chekereni alijibu:

Kaa mahali pa juu kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni. Malalo yanajionyesha: makundi yanatoka pande nyingi na kuingia sehemu moja, yanazunguka kama moshi kabla ya kutua, na kelele zinaendelea hadi giza. Rudi asubuhi, utawaona wakitoka kwa mafungu. Ukiona mstari mmoja unapita juu bila kuvunjika, malalo yako mbele zaidi, fuata uelekeo. Chini ya malalo ya siku kadhaa kuna kinyesi cheupe kimeganda kwenye majani.

Andika mambo haya: mahali, kwa vipimo vya simu, aina ya uoto, ukubwa wa eneo kwa mita, saa wanayoingia, tangu lini, mazao yaliyo karibu na hatua yake, na kama kuna nyumba, mifugo au maji ya kunywa jirani. Peleka kwa afisa ugani wa kata, yeye anapeleka halmashauri, na halmashauri inawasiliana na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ambayo makao yake makuu yako Ngaramtoni, Arusha. Toa taarifa mpunga ukiwa unachanua, usingoje punje ziliwe. Ndege ya kupulizia haifiki kwa siku moja.

Kupuliza mwenyewe, hapana kabisa. Dawa inayotumika kwa kwelea ni fenthioni, sumu ya mishipa ya fahamu inayoingia mwilini hata kupitia ngozi. Inapulizwa jioni juu ya malalo na watu waliofunzwa, wenye mavazi kamili. Hata ikipulizwa vizuri inaua zaidi ya kwelea: mwewe, bundi na mbweha wanaokula ndege walioanguka wanakufa nyuma yao, na karibu na maji samaki wanaathirika. Ndiyo maana malalo ya matete juu ya mto unaomwagilia skimu ni mahali pabaya pa kupuliza, na huenda mkaambiwa haiwezekani. Na kwelea aliyeokotwa baada ya dawa haliwi. Wapo watu wanaokusanya kwa magunia, hii ni hatari ya kufa.

Kama malalo ni madogo, ya ndege elfu chache, mnaweza kuwasumbua: watu kumi wenye makopo na tochi wasimame kuzunguka matete saa kumi na mbili kasoro, kabla hawajatua, siku tatu hadi tano mfululizo. Wanahama. Zungumzeni na vitongoji vya jirani kwanza, kwa sababu wanahamia kwao.

---

Mti_wa_Mpakani alijibu:

Naunga mkono kuhusu matete, lakini nina neno moja la kupingana na dhana ya "miti popote ni nzuri".

Mti juu ya tuta la jaruba ni kosa. Kwelea, mnana na njiwa wanashuka kwanza kwenye mti, wanatazama, kisha wanaingia mpungani. Mistari iliyo karibu na mti ndiyo inayoliwa zaidi. Kwenye mpunga na mtama, mti mrefu ukae angalau mita 15 hadi 20 kutoka kwenye masuke. Panda kando ya barabara ya skimu, kwenye kona ya nyumba, au rudisha miti ya asili ukingoni mwa mto, ambako mkuyu unajiotea wenyewe.

Kwenye kahawa, mboga na migomba ni kinyume chake. Mti uwe ndani, kwa sababu ndege wanaokula wadudu hawapendi kuvuka eneo wazi. Zao la punje linataka miti mbali, zao la majani na matunda ya kahawa linataka miti karibu.

Na si kila kichaka ni makazi ya maana. Mpaka wa lantana unapendwa na shore kwa sababu ya matunda, naye anazisambaza mbegu hadi kwenye malisho, na ng'ombe akiila inamdhuru. Ing'oe na mizizi, weka masale yenu ya asili pamoja na msesewe au mtalawanda. Masale ni mpaka wa Mchaga tangu zamani, hayanyonyi sana, na katikati yake ndege wadogo wanajificha dhidi ya kipanga.

---

Panya_na_Bundi alijibu:

Hoja ya tatu naona imesahaulika, na ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu bundi wanauawa kwa imani tu.

Bundi mweupe wa ghalani, mwenye uso wa umbo la moyo, chakula chake kikubwa ni panya. Mkubwa hula panya watatu hadi wanne kwa usiku. Akiwa na makinda manne hadi saba kiotani, wazazi wanaleta zaidi, na hali hiyo inaendelea kwa wiki nane au tisa hadi makinda yaruke. Sauti yake ni ya kutisha, nakubali. Anaimba kwa sababu analinda eneo la kuwinda, na eneo hilo ni shamba lako. Anayelia juu ya paa lako yuko kazini.

Pia tuseme ukweli kuhusu mipaka yake. Panya shamba, yule mwenye chuchu nyingi, anaweza kuzaa zaidi ya kumi kwa mara moja, na baada ya mvua nzuri idadi inapanda hadi mamia kwa hekta. Bundi hawawezi kuzaliana kwa kasi hiyo. Wanasaidia kuzuia idadi isipande mapema, lakini mlipuko ukishatokea hawauzimi. Kwa hiyo bundi ni sehemu ya mpango, kando ya usafi wa mipaka na mitego.

Sanduku la kiota, kwa mbao za inchi moja:

Sakafu sentimita 40 kwa 60, kimo sentimita 65. Tundu la kuingilia sentimita 13 kila upande, na ukingo wa chini wa tundu uwe sentimita 45 juu ya sakafu. Kipimo hiki ndicho mafundi wanachokosea. Wakiliweka tundu chini, makinda yanatoka kabla hayajaweza kuruka, yanaanguka na kuliwa na paka. Toboa matundu matano madogo sakafuni ya kutoa unyevu. Weka maranda makavu ya mbao kimo cha sentimita 5, kwa sababu bundi huyu hajengi kiota na mayai yatabiringika. Usipake rangi wala dawa ya mbao ndani. Paa liwe na mteremko na lizidi mbele sentimita 10.

Litundike mita 4 hadi 5 kutoka ardhini, kwenye nguzo au mti uliosimama peke yake, mlango uutazame upande ambao mvua haipigi na mbele kuwe wazi. Funga bati laini la sentimita 60 kuzunguka nguzo, ili nyoka na kanu wasipande. Sanduku moja linatosha kwa eneo lako. Majirani waweke la pili mita mia mbili na zaidi. Huenda likakaa miezi bila mpangaji. Usilifungue kila wiki kuchungulia, akishtuliwa wakati wa mayai anaacha. Lisafishe mara moja kwa mwaka likiwa tupu.

Mchana kuna mwewe mdogo mweupe mwenye mabega meusi, anayetulia hewani kama amefungwa kamba. Yeye naye ni mwindaji wa panya. Msimikie vituo: mti wa mita 3 juu ya ardhi, na kijiti cha mlalo cha sentimita 40 juu yake. Vinne hadi sita kwa ekari, simika siku ya kupanda. Mahindi yakipita urefu wa kituo hakuna tena faida. Kama ni mtama au mpunga, ng'oa vituo masuke yanapotoka, la sivyo mnana na kwelea watavitumia wao.

Sasa jambo linaloua kazi yote. Sumu za panya zinazozuia damu kuganda hazimwui panya palepale. Anazurura siku kadhaa akiwa mzito, bundi anamla kwa urahisi, na bundi anakufa. Kijiji kinachotumia sumu hizo shambani hakitakuwa na bundi. Ukilazimika, tumia mitego ya kubana kando ya mipaka, mmoja kila mita 5, kwa siku saba kabla ya kupanda, na majirani wafanye wiki hiyo hiyo. Ukitega peke yako, panya wa jirani wanajaza nafasi ndani ya wiki chache. Fyeka nyasi za mpaka upana wa mita mbili, kwa sababu panya anaogopa kuvuka uwazi, na bundi anamwona hapo. Mbegu ifukie sentimita 5 na uikanyage. Hii inazuia pia kwale na njiwa.

---

Mboga_Tengeru alijibu:

Nitagusa kwa ufupi kwa wenye mboga huku Arusha, maana swali linafanana.

Kuzumburu, wale wa kahawia wenye mkia mrefu wanaotembea kwa kundi, wanakula nyanya, papai na hata majani machanga ya saladi. Kwao hakuna cha kujadili, ni wavu. Tundu la wavu lisizidi sentimita 2, ukazwe juu ya fito sentimita 30 kutoka kwenye mmea, na chini uzikwe au ubanwe kwa mawe. Wavu uliolegea unanasa ndege, popo na nyoka, na mmea unatobolewa bado kwa sababu wavu unalalia tunda. Nyanya zichume zinapoanza tu kubadilika rangi, zitaivia ndani.

Kwenye mahindi, tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini mwaka 2017, ukiona ndege wanachimba kwenye moyo wa hindi usiwafukuze. Wanatoa viwavi. Kiwavi aliyeshazama ndani ya moyo hafikiwi kirahisi na dawa, lakini mdomo unamfikia.

---

Buni_na_Kivuli alijibu:

Kibosho_Chini, kama bado majirani hawaamini, wafanyie kipimo kidogo kihambani kwao. Chagua miti kumi ya kahawa ya umri na afya sawa, jozi tano, kila jozi kwenye kivuli kinachofanana. Mmoja wa kila jozi uzungushie fremu ya mianzi na wavu wa tundu la sentimita 2, kabla ya maua ya vuli. Nyuki watapita, ndege na popo hawatapita. Fremu isiguse majani, na kagua kila wiki kama kuna kitundu.

Kwenye kila mti funga uzi matawi manne, pande nne. Hesabu maua yanapofunguka, hesabu matunda wiki ya sita, hesabu tena kabla ya kuvuna. Andika pia majani yaliyoliwa kati ya majani 50 ya kwanza unayoyagusa. Usipulize dawa ya wadudu kwenye miti hiyo kumi mpaka umalize, vinginevyo utakuwa umepima dawa. Kwa jozi tano hutapata namba ya kuchapishwa, lakini tofauti ya majani yaliyoliwa huonekana kwa macho, na jirani akija kutazama akute matawi yenye uzi, ahesabu mwenyewe.

---

Kibosho_Chini:

Nimeandika yote. Kihamba: kukata matawi ya mgrevilea baada ya mavuno, miti ya asili inabaki. Mabogini: hakuna kuchoma, nakwenda kwa afisa ugani kabla ya kuchanua, na tarehe ya kitalu tunapanga na wenzangu wa mfereji. Fundi wa sanduku nimempa kipimo cha sentimita 45 na kukipigia mstari.

Bado moja kwa Panya_na_Bundi: mbao za mgrevilea zinafaa, au mchwa watazimaliza?

---

Panya_na_Bundi alijibu:

Zinafaa kwa sanduku, kwa sababu liko juu na kavu. Ila zianike wiki tatu nne kivulini kabla ya kupigilia, mbichi hujipinda na tundu linabaki na nyufa. Nguzo ndiyo isiwe mgrevilea. Mchwa huanzia ardhini. Tumia bomba la chuma au nguzo iliyotiwa dawa, ifukie sentimita 80, na sanduku lenyewe libaki bila dawa.